Umeme ukikatika kwenye kinu cha nyuklia: maswali yenu kuhusu betri

Tangu tulipogusia mpango wa Kenya wa kujenga kinu cha nyuklia, wasomaji wengi wameuliza jambo moja kwa namna tofauti: kinu chenyewe kikikosa umeme, kinaokolewa na nini? Leo najibu yanayohusu betri, kwa sababu ndizo kinga ya mwisho na ndizo zinazozungumzwa kidogo mno.

Kinu kinazalisha umeme mwingi hivyo. Betri za nini tena? (Mwanafunzi, Dodoma)

Kikizimwa hakizalishi tena, lakini joto halijaisha. Fimbo za kudhibiti zikishazama kati ya fueli, mpasuko wa urani hukoma mara moja. Mabaki yake ndiyo yanaendelea kutoa joto. Mara tu baada ya kuzimwa joto hilo ni kama asilimia 6 ya nguvu kamili. Kwenye kinu kikubwa cha megawati 3,000 za joto, hiyo ni karibu megawati 180. Baada ya siku nzima bado zimebaki megawati 15 hivi, na zote zinataka maji yanayozunguka. Maji yakisimama yatachemka, yatapungua, na mwishowe fueli itayeyuka.

Kinu kilichozimwa huvuta umeme wa pampu zake kutoka gridi. Gridi ikikatika, jenereta za dizeli hujiwasha zenyewe ndani ya sekunde chache. Betri zipo tayari wakati wote, na hata jenereta hizo haziwezi kujiunga na mtambo bila umeme wa betri wa kufunga swichi zake.

Kwa hiyo jenereta zikifa, betri ndizo zinapoza kinu?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Hakuna betri ya kusukuma pampu kubwa za kupozea kwa siku nzima. Seti moja ya kawaida ina seli 60 za volti 2 kila moja, zikiungwa kwa mfululizo kupata takriban volti 125 za DC, yaani umeme wa mkondo mnyoofu kama wa betri yoyote. Zinahudumia geji za kiwango cha maji na presha, vali, swichi, na taa za chumba cha udhibiti. Vinu vingi pia vina pampu inayozungushwa na mvuke wa kinu chenyewe. Hiyo haihitaji umeme wa kuisukuma, inahitaji betri za kuiongoza tu. Betri zikiisha, wahudumu wanapoteza macho na mikono kwa pamoja.

Fukushima kulikuwa na betri. Mbona hazikusaidia? (Msomaji, Mombasa)

Nitakaa kidogo kwenye swali hili, maana hakuna tukio lililotufundisha zaidi.

Tetemeko lilipiga kituo cha nyuklia cha Fukushima Daiichi tarehe 11 Machi 2011, saa 8:46 mchana kwa saa za Japani. Vinu vitatu vilivyokuwa vikifanya kazi, namba 1, 2 na 3, vilijizima kama ilivyopangwa. Gridi ikakatika, jenereta zikawaka. Mpaka hapo kila kitu kilitii. Dakika kama 50 baadaye ikaja tsunami ya mita 14 hivi, wakati kituo kilikuwa kimejiandaa kwa mawimbi ya mita 6 hivi. Jenereta nyingi, paneli za umeme na betri za vinu namba 1 na 2 zilikuwa vyumba vya chini ya ardhi. Maji ya chumvi yakaingia, na chumba cha udhibiti cha vinu hivyo viwili kikawa giza.

Kinu namba 1 kilikuwa na kipoza-mvuke cha dharura ambacho hakihitaji pampu. Lakini vali zake zilipangwa kujifunga endapo mfumo utapoteza umeme wa DC, kwa dhana kwamba bomba limepasuka. Umeme ulipopotea, kifaa kilichoweza kukiokoa kinu kikawa kama kimefungwa, na kwa saa nyingi hakuna aliyekuwa na hakika kama kinafanya kazi. Fueli ilianza kuyeyuka jioni hiyo hiyo.

Kinu namba 3 kiko jirani tu, ila betri zake zilikuwa juu kidogo na maji hayakuzifikia. Wahudumu walizima kila kisicho cha lazima wakazivuta kwa karibu siku moja na nusu, ingawa zilipangiwa saa chache tu. Alfajiri ya tarehe 13 zilikuwa zimekwisha nguvu, nacho kikafuata njia ya mwenzake.

Wakati huo wafanyakazi walikuwa wakifungua boneti za magari na kung'oa betri. Walizibeba hadi chumba cha udhibiti, wakaunganisha nyaya kwa mwanga wa tochi ili wasome kiwango cha maji. Kufungua vali za kupunguza presha kulihitaji betri 10 za volti 12, zilizofungwa kwa mfululizo. Watu hao wanastahili heshima kubwa. Lakini geji iliyopata umeme tena si lazima iseme kweli: ile ya kinu namba 1 ilionyesha maji yako juu ya fueli wakati yalishashuka chini yake.

Msimamo wangu ni kwamba betri za Fukushima hazikufeli kama betri. Kilichofeli ni uamuzi wa mahali pa kuziweka, pamoja na jenereta na paneli zake zote, miaka mingi kabla. Ushahidi uko hapo hapo kituoni. Jenereta moja ya kinu namba 6, iliyopozwa kwa hewa na kuwekwa juu zaidi, iliendelea kuunguruma, na ndiyo iliyovinusuru vinu namba 5 na 6.

Zinapaswa kudumu saa ngapi?

Marekani iliweka kanuni mwaka 1988 kwamba kila kinu kionyeshe kinaweza kustahimili kukosa gridi na jenereta kwa muda maalumu, na vingi vikapangiwa saa 4 au 8. Baada ya Fukushima hesabu ilibadilika. Sasa vituo vina jenereta na pampu za kubebeka, zilizohifadhiwa sehemu salama, za kuchaji betri kabla hazijaisha, na kuna maghala mawili ya taifa, Memphis na Phoenix, ya kuleta vifaa zaidi. Vinu vya aina ya AP1000, kama viwili vipya vya Vogtle jimboni Georgia, vimesanifiwa kukaa saa 72 bila umeme wa nje, maji yakishuka kwa mvutano wa dunia.

Mimi ni fundi wa sola. Betri za wateja wangu hazimalizi miaka mitatu. Hizo za vinu zinafikaje miaka 20? (Mwanza)

Ndugu fundi, umeuliza swali la kitaalamu. Nyingi ni betri za maji, za risasi na asidi, ndugu wa hizo unazofunga. Tofauti kubwa iko kwenye matumizi. Betri ya sola inachotwa kila usiku, mara nyingi hadi karibu na mwisho. Ya kinu inakaa imejaa kwenye chaji ndogo ya kudumu na kuchotwa kwa nadra. Chumba chake hutunzwa karibu na nyuzi 25, kwani joto likizidi hapo kwa nyuzi 10 hivi, umri hupungua karibu nusu. Paa la bati la Mwanza unalijua mwenyewe.

Halafu kuna upimaji. Volti, joto na uzito wa asidi hupimwa kwa ratiba, na kila baada ya miaka mitano hivi betri hutolewa chaji kwa makusudi kuona inashika kiasi gani. Ikishuka chini ya asilimia 80 ya uwezo wake inabadilishwa, hata kama bado inawasha taa vizuri. Ningependa mafundi wetu waazime desturi hiyo, hasa kwenye zahanati zinazotunza chanjo kwa umeme wa jua.

Je, betri ikiwa nzima, umeme unaweza bado kukosekana?

Ndiyo. Tarehe 25 Julai 2006, kituo cha Forsmark nchini Sweden, hitilafu ya nje ilirusha volti juu ghafla. Inveta (vifaa vya kugeuza umeme wa betri wa DC kuwa AC) mbili kati ya nne zikajizima kujilinda. Jenereta mbili ziliwaka lakini hazikuweza kujiunga, na baadhi ya skrini za wahudumu zikazimika. Seti mbili za inveta na jenereta zilizobaki zilitosha, na dakika ishirini na ushei baadaye wahudumu waliziunga zile jenereta mbili kwa mkono. Jambo la kutisha ni kwamba inveta zote nne zilikuwa za aina moja. Pigo lililoangusha mbili lingeweza kuangusha nne.

Mbona hawahamii lithiamu?

Lithiamu inahitaji saketi ya elektroniki ya kuichunga, na ikiharibika vibaya huwaka moto mgumu kuzima. Risasi na asidi ni nzito na inataka chumba chenye hewa ya kutoa haidrojeni, lakini tabia zake uzeeni zinajulikana kwa miongo mingi.

Kinu kikija kwetu, sisi wa kawaida tuulize nini? (Kilifi)

Uyombo, hapo Kilifi, ilitajwa kuwa mahali pa kujenga, na sasa Siaya pia inatajwa. Popote kitakapokwenda, ombeni mchoro unaoonyesha betri na paneli ziko mita ngapi juu ya maji, na wimbi gani limetumika kwenye hesabu. Kwa Kilifi hili halina mzaha: tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 ilianzia Sumatra, ikavuka bahari nzima na kuua watu Somalia, Tanzania na Kenya. Ulizeni kama seti za betri ziko vyumba tofauti, na kama vifaa vyake vyote vimetoka kiwanda kimoja. Ulizeni jenereta ya kubebeka itafika kwa barabara gani iwapo daraja limekatika. Na matokeo ya kipimo cha kila miaka mitano yatachapishwa wapi, ili mwalimu wa fizikia wa hapo kijijini aweze kuyasoma?