Ukiulizwa nafasi ya mwanamke, usiishie kwenye orodha

Mitihani ya Kidato cha Sita ikikaribia, wanafunzi ninaowafundisha tuisheni hapa Majengo, Moshi, huja na jibu lilelile kwa swali la nafasi ya mwanamke katika fasihi: mwanamke amechorwa kama mlezi, kama chombo cha starehe, kama mtu asiye na maamuzi, kama mwanamapinduzi. Hoja, mfano, hoja, mfano. Alama wanapata, sibishi. Ila ukifika chuo na orodha hiyo tu, somo la nadharia litakutoa jasho mapema.

Orodha hiyo ina asili yake. Mwaka 1970 Mmarekani Kate Millett alitoa kitabu cha Sexual Politics, akawapekua waandishi wanaume kama D. H. Lawrence na Norman Mailer, akaonyesha jinsi ubabe wa mume unavyojipenyeza hadi kwenye maelezo ya chumbani. Kazi nzito. Lakini uhakiki wa kifeministi, yaani usomaji wa fasihi unaomtazama mwanamke na haki zake, haukuishia hapo. Walioishia hapo ni sisi na madaftari yetu. Mwaka 1977 mhakiki Mmarekani Elaine Showalter aliwageukia wanawake waandishi wenyewe: waliandika nini, walirithishana nini, na kwa nini wengi wao walisahaulika. Kabla yao, mwaka 1929, mwandishi Mwingereza Virginia Woolf alikwishasema kwamba mwanamke anahitaji fedha na chumba chake mwenyewe ili aandike riwaya. Nikifika kwa Woolf huwa nauliza darasa: kihamba cha kwenu, lile shamba la ukoo, atarithi nani? Wanacheka, maana kila Mchaga anajua kimila kinakwenda kwa wavulana. Baada ya kicheko hicho sihitaji kueleza sana.

Kwa hiyo chukua kitabu ulichonacho na ukiulize maswali mengine. Riwaya ya Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971) ni pazuri pa kuanzia. Usiniambie tu kwamba Rosa ni mwathirika wa malezi. Niambie kwa nini mwandishi anamlaumu baba mkali, halafu anayeishia kujiua ni binti. Je, riwaya inamtetea Rosa au nayo inamwadhibu? Mimi naona inafanya yote mawili, na ndiyo maana bado inatugombanisha.

Kisha rudi nyuma hadi Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858. Wengi huukataa haraka: unamfundisha binti kumtii mume, basi umekwisha. Taratibu. Anayesema ni Mwana Kupona mwenyewe, mama mgonjwa, mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu katika pwani ya Kenya, anamwachia bintiye wosia wa namna ya kuishi katika ulimwengu ambao hakuutunga yeye. Na ni mwanamke aliyeshika kalamu, akawahimiza wanawake wenzake wasome. Utii umo, siufichi. Ila swali la Showalter linakuonyesha kitu ambacho swali la Millett peke yake lingekipita.

Atatokea mtu, aghalabu nyuma ya darasa, aseme hayo ni mambo ya Wazungu. Usimkasirikie, hoja hiyo ilikwishatolewa na wanawake wenyewe. Mwaka uleule wa 1977 Barbara Smith, Mmarekani mweusi, aliwashutumu wahakiki weupe kwa kuwaacha nje waandishi weusi wa kike. Mwaka 1985 Chikwenye Okonjo Ogunyemi wa Nigeria alisema mwandishi wa Kiafrika ana mizigo mingine pia, ukiwemo umaskini na ukoloni, na hawezi kuitenga jinsia na hayo. Kwetu, Penina Muhando alikuwa ameshaandika tamthiliya ya Nguzo Mama (1982): wanawake wa kijiji cha Patata wanahangaika kuisimamisha nguzo, na kila mmoja anavutwa na matatizo yake. Humo wanaume wanalaumiwa, na wanawake nao hawaachwi salama. Ningekuwa na uwezo, ningeanza nayo kabla ya nadharia yoyote.

Kwenye chumba cha mtihani, andika hoja zako za kawaida kwanza, msahihishaji anazitafuta. Halafu tenga aya moja ya mwisho ueleze nani anasimulia, nani amenyamazishwa, na mwandishi amesimama upande gani. Aya hiyo iandike kwa mfano mmoja tu, uliousoma mwenyewe, si wa kwenye notisi zangu.