Mnaokuja Lamu kutembea kwa mashua: maswali yenu

Likizo ikikaribia, barua za wanaotaka kuzunguka visiwa vyetu na marafiki huongezeka. Najibu zile zinazofanana.

Tuko marafiki sita wa Nairobi. Tunataka kwenda kisiwa cha Kiwayu, kaskazini ya Lamu, kwa tanga mwezi wa Agosti na kurudi, siku tatu. Itawezekana?

Sishauri. Agosti ni msimu wa kusi, upepo mkali wa kutoka kusini. Mtakwenda vizuri, upepo ukiwa mgongoni, lakini kurudi mtaukabili: mashua itabisha, yaani itakwenda mshazari huku na huku, kutwa nzima, na nje ya visiwa vya Manda na Pate mawimbi ni makubwa. Kama mna hiari, ngojeni matlai ya Novemba, upepo ukiwa umelegea, au kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini-mashariki, kabla ya Machi kwisha. Hapo maji huwa maangavu, na kwenye kisiwa kidogo cha Manda Toto mtaona matumbawe na samaki wake. Ikiwa ni lazima iwe Agosti, kaeni upande wa ndani unaokingwa na visiwa. Nendeni kijiji cha Matondoni mkawaone mafundi wakiunda vyombo, kisha Kipungani. Mimi ningetoa siku nzima kwa Matondoni peke yake.

Msimu wowote, kabla ya kupita Pate kuelekea kaskazini, ulizeni polisi wa Lamu hali ya usalama. Mpaka wa Somalia hauko mbali.

Nahodha alichukua arbuni, akasema tutang'oa nanga saa mbili asubuhi kwenda Takwa. Siku yenyewe akasema saa saba. Huo si ujanja?

Saa saba huenda ndiyo iliyokuwa saa ya kweli. Takwa ni mji wa mawe ulio Manda, uliohamwa karne ya 17, na watu wa kijiji cha Shela bado wanaliheshimu kaburi lake lenye mnara. Njia ya kuuingia kwa mashua ni mkono mwembamba wa bahari katikati ya mikoko. Maji yakiwa yamekupwa hampiti, na mkichelewa kutoka mtaketi kwenye tope mpaka yajae tena. Kila siku maji hujaa kama dakika 50 baadaye kuliko jana yake, kwa hiyo aliyekwenda asubuhi wiki iliyopita hawezi kuwapangia ninyi saa. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kukupwa sana, na nafasi ya kukosea ni ndogo.

Lakini nawaunga mkono kwa jambo moja. Saa za maji hujulikana mapema, na nahodha alipaswa kuwaambia kabla ya kupokea pesa. Safari ijayo anzeni kwa kuuliza: siku hiyo maji yanajaa saa ngapi? Asiyejibu mara moja, tafuteni mwingine.

Mwenzetu hajui kuogelea na anaona haya kumwambia nahodha. Tumsemee?

Msemeeni leo. Kisha kila mtu, anayejua kuogelea na asiyejua, avae jaketi la kuokolea maisha tangu gatini. Lijaribuni kabla ya kuondoka, mkaze kamba zake. Jaketi lililofungiwa chini ya mizigo halimwokoi mtu. Mkiambiwa hayapo ya kutosha, msipande, hata kama mmeshalipa. Hapa sina maneno ya kulegeza.

Tuvae nini?

Baharini, nguo zenu za kuogelea. Mkishuka Shela au mjini, jifungeni leso au vaeni kanzu, mabega na magoti yasitirike. Hapo ni penye nyumba na misikiti ya watu.

Chakula ni juu ya nani?

Patana kabla ya kupanda. Kwa kawaida mabaharia hupika humo humo kwa makaa: samaki wa kuchoma, wali wa nazi, matunda. Maji ya kunywa bebeni wenyewe, mengi kuliko mnavyodhani, maana jua la baharini hukausha koo hata kukiwa na upepo. Na mwenye mzio wa kamba au kaa aseme mapema, kabla chungu hakijatelekwa.