Kiwanja Lindi pwani: vimbunga na mafuriko ya kusini, nijuavyo mimi

Mkuu, umeuliza kama pwani ya Lindi kweli hupigwa na vimbunga au ni maneno ya watu tu, kwa sababu umeonyeshwa viwanja viwili: kimoja tambarare jirani na mikoko, kingine huko juu kwenye mwinuko nyuma ya mji. Nimeishi kusini miaka mingi, Mtwara kwanza kisha Lindi, na vimbunga Kenneth na Hidaya vyote vilinikuta huku. Wanaokujibu "huku hakuna kimbunga, nunua tu" watakuponza.

Anza na tarehe. Kimbunga kilichoangusha minazi na mikarafuu ya Unguja na kuharibu merikebu za Sultani Barghash kilikuwa Aprili 1872. Kile kilichoipiga Lindi yenyewe na kuua watu kilikuja 15 Aprili 1952. Kenneth, 25 Aprili 2019. Jobo, mwishoni mwa Aprili 2021. Hidaya, 4 Mei 2024. Msimu wa vimbunga katika upande wetu wa Bahari ya Hindi huhesabiwa kuanzia Novemba hadi Aprili, na Madagaska na Msumbiji huanza kuumia mapema tu. Hivi vya kwetu vinakuja mkiani, wakati wa maleleji, upepo wa kaskazi umechoka na wa kusi haujashika. Ukanda wa mvua unakuwa unarudi kaskazini na bahari bado ina joto, basi dhoruba nazo zinajitengeneza karibu zaidi na ikweta. Ubaya wake ni kwamba wakati huo mtu anaona mvua zinaelekea kuisha, ameshaacha kuangalia mawingu.

Ni kweli kwamba ni nadra. Karibu na ikweta mzunguko wa dunia hautoshi kuizungusha dhoruba, na ndani ya nyuzi tano hivi za latitudo kimbunga karibu hakipo. Lakini Lindi na Mtwara ziko kwenye nyuzi kumi kusini, huo ukuta haupo hapa. Kinachotukinga zaidi ni Madagaska, ambayo hupokea vingi kabla yetu. Kwa hiyo ukisikia kimbunga kimepita juu ya ncha ya kaskazini ya Madagaska na kinaelekea magharibi, hapo ndipo pa kuacha mengine na kusikiliza redio.

Kuna jambo moja sijaona likisemwa na wengi. Kusini mwa ikweta kimbunga huzunguka kama mishale ya saa. Kikija kutoka mashariki kwenda magharibi, basi upande wake wa kusini upepo unatoka baharini kuingia nchi kavu, unasukuma maji na mawimbi ufukweni. Upande wa kaskazini upepo unatoka nchi kavu kwenda baharini. Sasa mtazame Kenneth. Mtwara tulifungiwa shule na ofisi, watu wa mabondeni wakaambiwa wahame, wengine wakaenda ufukweni kukisubiri kama wanasubiri meli. Kikaingilia Cabo Delgado, Msumbiji, kusini yetu, na kule kikafanya maangamizi. Sisi tulibaki upande wake wa kaskazini, na tena mbali. Kuanzia siku ile nimesikia mara nyingi kuwa mamlaka ya hali ya hewa "walitutisha bure". Hawakututisha bure. Njia yake ingesogea kaskazini kidogo tu, hadithi ingekuwa nyingine kabisa. Jobo nacho kikafifia baharini kabla ya kufika Dar, dharau ikaongezeka.

Kisha Hidaya. Kilitua Mafia, na Kilwa ikawa upande wa kusini wake, ule mbaya. Nyumba ziliezuliwa, sikatai, lakini kwa watu wa Lindi na Mtwara balaa kubwa lilikuwa maji. Ardhi ilikuwa imeshalowa kwa mvua za El Niño za mwaka ule, Rufiji ilikuwa imefurika tangu Aprili, halafu mvua ya kimbunga ikaja juu yake. Barabara ya Dar ikakatika maeneo ya Somanga, madaraja na makalavati yakaondoka na tuta. Malori yakapanga foleni pande zote mbili, na mwenye haraka akazunguka kwa Songea, safari ya kumchosha hata dereva mzoefu. Bidhaa za dukani zikapanda kila siku.

Na usidhani lazima pawe na kimbunga. Januari 2020 mafuriko yaliua watu mkoani Lindi, wilaya ya Kilwa hasa, kwa mvua za kawaida za msimu, huko vijijini mbali kabisa na bahari. Kwa hiyo hatari ya kwanza huku ni maji ya mvua, ya pili barabara, upepo nauweka wa tatu. Tsunami ya Desemba 2004 ilifika Tanzania na kuua watu waliokuwa wakiogelea Dar, lakini singeamua kiwanja kwa hiyo.

Kuhusu viwanja vyako. Nenda kile cha tambarare siku ya bamvua, yaani siku za maji makubwa ya bahari, maji yakiwa yamejaa kabisa, uone yanaishia wapi. Tofauti ya kupwa na kujaa kwenye pwani yetu siku za bamvua hufika mita tatu na zaidi, kwa hiyo kimbunga kikija maji yamejaa ni janga, kikija maji yamekupwa una nafasi ya kupumua. Ukikuta mikoko imekatwa mbele ya kiwanja, shusha bei au ondoka. Usimuulize dalali kama pamewahi kufurika. Muulize mama anayeishi nyumba ya jirani maji yalifika wapi ukutani, na mwaka gani.

Cha juu nacho kina lake: tafuta korongo. Maji ya mlimani yana njia zake, na wakati wa kiangazi njia hiyo inaonekana kama kichochoro kizuri cha kupitisha gari. Kama kiwanja hakijakaa kwenye njia hiyo, mimi ningechukua hicho, nikafunga paa kwa mabati mazito na kenchi zilizofungwa vizuri kwenye linta. Na tangazo la TMA, yaani hao hao mamlaka ya hali ya hewa, likitoka, jua ngazi zake: angalizo ni njano, tahadhari ni rangi ya chungwa, tahadhari kubwa ni nyekundu. Kwenye njano mimi nasafisha mitaro. Kwenye chungwa najaza maji, mafuta na unga, na kama nilikuwa na safari ya Dar naiahirisha.