Macho ya manjano: ni ARV au kidonge kingine?

SWALI: Assalam aleikum. Ni mwezi wa tatu tangu nianze ARV, kidonge kimoja kila usiku, pamoja na dawa ya kukinga TB. Wiki hii macho yamekuwa manjano, mkojo kama strungi, chakula sikitamani. Jirani asema ARV zachoma ini, niziache. Nifanyeje? – Msomaji, Likoni

JIBU: Waaleikum salaam. Nenda kliniki leo hii, usingoje tarehe iliyo kwenye kadi.

ARV ya kidonge kimoja kwa kawaida ni TLD: tenofovir mg 300, lamivudine mg 300 na dolutegravir mg 50. Huweza kugusa ini, lakini kwa nadra. Sifa mbaya anayoisikia jirani yako ilitokana zaidi na nevirapine, ARV ya zamani iliyoumiza ini hasa wiki 6 za kwanza, na zaidi kwa wanawake wenye CD4 (chembe za kinga kwenye damu) zaidi ya 250.

Mshukiwa wangu wa kwanza ni hiyo dawa ya TB, kama ni isoniazid ya mg 300 kila siku. Madhara yake kwenye ini huja sana miezi 3 ya mwanzo, na pombe huyazidisha, mnazi ukiwemo. Usiimeze tena mpaka uonwe. Vitamini B6 unayopewa pamoja nayo huzuia ganzi ya mikono na miguu. Haikingi ini, ingawa wengi hudhani hivyo.

TLD usiiache kwa uamuzi wako. Tenofovir na lamivudine hudhibiti pia virusi vya hepatitis B. Ikiwa unavyo na hukuwahi kupimwa, kuacha ghafla huviamsha, na ini laweza kuharibika vibaya kuliko dawa yenyewe ingefanya. Omba kipimo cha HBsAg, kinachoonyesha kama una hepatitis B, na cha ALT, kimeng'enya kinachopanda kwenye damu ini likiumia. ALT ikipita mara 3 ya kiwango cha juu cha kawaida ukiwa na dalili kama zako, au mara 5 hata bila dalili, isoniazid husimamishwa. Ini likiwa limeumia sana, daktari aweza kusimamisha dawa zote, lakini huyo ana majibu ya damu mkononi.

Beba kila unachomeza: panadol, dawa za mitishamba, za duka. Muguka na miraa pia vitaje bila haya, kwani navyo vimehusishwa na kuumia kwa ini.

Walio kwenye atazanavir, ARV nyingine, wasishtuke upesi: dawa hiyo hupandisha bilirubini (rangi ya manjano kwenye damu) na kufanya macho manjano, huku ALT ikibaki sawa na mkojo haugeuki rangi. Hata hivyo wapimwe.

Ukianza kuchanganyikiwa, kusinzia ovyo au kutokwa damu, usingoje kliniki ifunguliwe. Vuka feri usiku huohuo hadi idara ya dharura ya Hospitali Kuu ya Pwani.