MASWALI YA WASOMAJI: Tepu iliposomwa upande wa pili

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa wanafunzi wa masta na PhD wa mambo ya misitu, nadhani ni kwa sababu msimu wa fildi umeisha watu wamerudi kukaa mbele ya laptopu, na hapo ndo madudu yanaanza kuonekana. Nimechukua nne tu, wengine mtanisamehe.

SWALI: Mwalimu shikamoo. Niko masta mwaka wa pili, napima kaboni kwenye msitu wa miombo. Nilikuwa na ploti 36, siku tatu za mwanzo tulienda wote, baadae hela ya posho ikaanza kukata nikagawa watu timu mbili, moja nikaongoza mimi na ya pili ikaongozwa na jamaa wa kijijini anayeijua miti kuliko mimi mara mia. Juzi naingiza data nakutana na mninga wa kipenyo sentimita 113, urefu mita 12. Nikacheka nikaendelea. Mara mwingine, mara mwingine. Nikampigia jamaa, ananiambia "si nilikuwa nasoma upande wa namba kubwa, ndo zinaonekana vizuri". Supavaiza hajui na kuwasilisha bado miezi mitatu. Nigawe kwa 3.14 kimya kimya maisha yaendelee? (Nimechanganyikiwa)

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole. Kwa wasomaji ambao hawajawahi kuishika hii kitu, tepu ya dayameta ina pande mbili, upande mmoja ni sentimita za kawaida kama za fundi cherehani, unazungusha kwenye mti unapata mzingo, upande wa pili namba zimeshagawanywa kwa pai kwa hiyo ukizungusha unasoma kipenyo moja kwa moja. Ukigeuza tepu bila kujua mti unanenepa mara tatu na zaidi. Mninga wako wa 113 gawanya kwa 3.1416 unapata 36, na mninga wa sentimita 36 wenye urefu wa mita 12 ni mti wa kawaida kabisa, nenda kauone.

Sasa kwanini hili sio kosa dogo. Kwenye hesabu ya uzito wa mti, ndo unakotoa kaboni, kipenyo kinaingia kwa kipeo. Chukua fomula ya Chave na wenzake ya mwaka 2014, ile iliyotengenezwa kwa miti 4,004 iliyokatwa na kupimwa: unazidisha uzito wa mbao kwa ujazo wake (densiti), kipenyo mara kipenyo, na urefu, jibu unalipandisha kipeo cha 0.976 halafu mara 0.0673. Kipenyo kikiongezeka mara 3.14, uzito wa mti unaongezeka mara 9 na ushei. Yaani timu moja imekupa msitu wa miombo na timu nyingine imekupa msitu wa Kongo, kwenye kijiji kimoja.

Kugawa utagawa, ila sio kimya kimya na sio mti mmoja mmoja kwa macho. Wengi wanaharibu hapo, anashuka na Excel, "huu unaonekana mnene mno, gawanya, huu uko sawa, acha". Ukifanya hivo data sio za msituni tena, ni za kichwa chako, umeacha ile inayokupendeza na kurekebisha isiyokupendeza. Unagawa kwa timu na kwa siku, timu ya pili yote au hakuna.

Kwa hiyo rudi kwenye fomu za fildi zenyewe, zile karatasi zenye matope na alama ya kikombe cha chai, sio faili la Excel. Angalia mwandiko, angalia tarehe, angalia nani alikuwa na tepu siku ile. Siku tatu za kwanza mlikuwa pamoja, je nani alisoma? Usije ukagawa na zile. Halafu chora grafu, urefu kwa kipenyo, timu moja rangi moja nyingine rangi nyingine. Kama jamaa alisoma mzingo siku zote utaona mawingu mawili yanayofanana, moja limesukumwa kulia. Ukiona doti za timu yake ziko kwenye mawingu yote mawili, ujue kuna siku aligeuza tepu katikati ya kazi, hizo ploti hazigawiki wala hazirekebishiki, zinapimwa upya.

Kuna kitu kingine wengi hawakiangalii, miti midogo. Kama mlikubaliana mpime kuanzia sentimita 5, na jamaa akasoma 5 ya upande wa mzingo, basi ameandika mpaka vijiti vya kipenyo cha sentimita 1.6. Hesabu miti kwa kila ploti, kama za kwake zina mashina mengi mno kuliko zako ndo hilo, na hapo una bahati, unagawa halafu unatupa vyote vilivyo chini ya 5. Lakini kama alikadiria kwa macho na kuruka vidogo, namba yake ndogo kabisa itakuwa kama 15 au 16, na hapo pia mko sawa. Ugumu ni kama alichanganya.

Kisha chukua nauli, rudi msituni, pima upya ploti nne za timu ile ulizozichagua kwa kura sio zilizo karibu na barabara. Nenda na jamaa yuleyule, mheshimu, asijione ameitwa kushtakiwa, maana kiukweli kosa ni lako, hukumwonyesha tepu. Na supavaiza mwambie wiki hii, kabla ya kurudi fildi. Atafoka siku mbili. Akiligundua mwenyewe baadae, au mtahini wa nje akiuliza mninga wa mita moja na ushei ulitoka wapi, hapo ndo utaona kufoka. Kwenye sura ya mbinu andika aya moja, ilitokea hivi, tulirekebisha hivi, tulihakiki kwa ploti nne. Inatosha.

Mimi mwenyewe niliwahi kupima msitu mzima "kwenye kifua" cha msaidizi wangu badala ya mita 1.3 kutoka ardhini, na kijana alikuwa mrefu kama mlingoti. Tangu siku ile nakata fimbo ya mita 1.3 asubuhi kabla ya chai, na kwenye mteremko naisimamisha upande wa juu wa mti.

SWALI: Nimelinganisha msitu wa hifadhi na msitu wa kijiji jirani, ploti 20 huku 20 kule. Kwenye kamati mtu mmoja kaandika pembeni ya tisisi yangu "n = 2" na alama ya kuuliza. Nina ploti 40, anamaanisha nini? (Ploti 40)

JIBU: Hiyo n ni idadi ya sampuli, anamaanisha una misitu miwili tu. Fikiria unataka kujua kama shule za bweni zinafaulisha kuliko za kutwa, ukaenda shule moja ya bweni na moja ya kutwa ukapima watoto 20 kila moja. Ukikuta tofauti, ni bweni au ni yule mwalimu mkuu mkali? Huwezi jua. Watoto 40 hawakusaidii, shule ni mbili. Mwanaikolojia Hurlbert aliliandika hili mwaka 1984 na bado linatukamata kila mwaka, mimi pia lilinikamata.

Kama fildi hujamaliza, hizo 40 zitawanye, ploti tano kwenye misitu minane, minne ya hifadhi minne ya kijiji, kazi ni ileile ila nauli inapanda. Kama umeshamaliza na hela imeisha, badilisha swali. Acha kusema "hifadhi inasaidia", uliza ndani ya kila msitu kinachobadilika, mfano umbali toka barabarani, au idadi ya visiki kwa ploti, natumaini visiki ulihesabu. Hapo kila ploti inakuwa na cha kusema. Kichwa cha tisisi kitapungua ukubwa, sawa, bora hivyo kuliko kukisimamia kichwa kikubwa mbele ya watu watano.

SWALI: Nilikusanya majani ya miti 60 kwenye mifuko ya plastiki kama nilivyoambiwa, nimefika maabara baada ya siku sita yameota ukungu. Niyakaushe hivohivo? (Ukungu)

JIBU: Tupa. Ukungu umekula sehemu ya jani, ukipima uzito au naitrojeni unampima na yeye. Hiyo plastiki uliyoambiwa ni kwa ajili ya kupima eneo la jani likiwa bichi, hiyo ni kazi ya jioni ileile, sio siku sita. Kwa safari ndefu ni bahasha za kaki au magazeti, unabadilisha gazeti kila siku. Ukifika, majani oveni nyuzi 70 mpaka uzito uache kubadilika, na usiyachanganye na udongo wa mwenzako anayekausha kwa 105, nimeona majani yakiwa chipsi.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mama mzazi. Binti yangu anasoma digrii ya pili ya misitu, mwezi ujao anakwenda kukaa porini wiki tano na wanaume watatu wa kupima miti. Baba yake hataki. Anasema miti ilishapimwa na serikali, ya nini tena? Nimemnunulia jaketi zito la bluu na tochi. Nina wasiwasi. (Mama)

JIBU: Mama shikamoo. Baba ana hoja, serikali ilipima kweli, ule upimaji wa NAFORMA ulizunguka nchi nzima ukaonyesha Tanzania Bara ina kama hekta milioni 48 za misitu, sehemu kubwa miombo. Ila upimaji ule unakupa picha ya nchi, haukuambii kwanini msitu wa nyuma ya kijiji fulani hauoti miche. Na mti ukipimwa mara moja hausemi kama unakua au unakufa, mpaka mtu arudi kwenye mti uleule. Mwaka 2020 ilitoka kazi kubwa kwenye jarida la Nature, ploti 244 za nchi 11 za Afrika, na zile ploti zilipimwa tena na tena na watu wengi kwa miaka, wengine vijana kama binti yako. Mwambie hivo.

La wanaume watatu usilipuuze mama, mwulize kabla hajaondoka. Analala wapi, porini au kwenye nyumba kijijini? Akipata nyumba yenye familia ni bora, hata kama anatembea saa nzima asubuhi. Mwenyekiti wa kijiji amepewa barua? Afisa misitu wa wilaya namba yake unayo wewe, sio yeye tu? Kuna mwanafunzi mwingine wa kike au mama wa kijijini anayeweza kulipwa kama msaidizi? Mara nyingi yupo, na mara nyingi anaijua miti ya dawa kuliko wale wanaume. Supavaiza anayemruhusu mtu kwenda bila majibu ya haya, mpigie simu wewe mwenyewe, una haki.

Tochi nzuri. Ila jaketi, kama anakoenda kuna mbung'o, rangi ya bluu na nyeusi ndo zinawaita, atatembea na kundi zima mgongoni. Mtafutie la kaki mtumbani, la bluu abaki nalo hosteli.