Chumvi, mawese na kikoba cha Ujiji

SWALI: Salaam. Kikoba chetu hapa Ujiji kinataka mpango wa kujikinga na presha na magonjwa ya moyo. Aliyewahi kuja kutufundisha alisema tuache mawese na dagaa. Kina mama walicheka, wakaondoka zao. Tuanzie wapi?
Katibu wa kikoba

JIBU: Walicheka kwa haki. Dagaa hawana kosa, na mawese hayakatazwi kwa semina ya siku moja. Kinachoumiza ni kiasi, na kiasi hupimika.

Anzeni na chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Kila mwanachama aandike tarehe kwenye pakiti siku anayoifungua. Kwa watu wazima 5, pakiti ya nusu kilo ikiisha kabla ya siku 20, wamezidisha. Ikiisha siku ya 10, wanakula maradufu. Hapo bado viungo vya pakiti na samaki wa chumvi havijahesabiwa. Penye watoto ikae zaidi, maana wao wanahitaji kidogo kuliko hicho.

Msipunguze yote kwa mkupuo: baba ataagiza chumvi mezani na mpango utafia hapo. Punguzeni robo, ulimi uzoee wiki mbili tatu, kisha robo nyingine. Limau, tangawizi na nyanya zilizoungwa vizuri zitasaidia. Dagaa waliokaushwa bila chumvi pikeni tu. Samaki wa chumvi walowekwe maji ya vuguvugu nusu saa, mara mbili, na maji yamwagwe. Wengi huyarudisha kwenye mchuzi, kazi ikawa bure.

Karibu nusu ya mawese ni mafuta ya aina inayopandisha lehemu (kolesteroli) mbaya. Kwenye alizeti ni kama sehemu moja ya kumi. Pimeni kwa kijiko, msimimine kutoka kwenye dumu. Na acheni kuyachoma mpaka yawe meupe: wekundu ule ndio mwili hugeuza kuwa vitamini A.

Mazoezi ni dakika 150 kwa wiki. Mama anayebeba beseni la samaki kutoka mwalo wa Kibirizi hahitaji kuhimizwa. Mhimizeni muuza duka na dereva wa bodaboda.

Presha ipimwe kabla ya kuhesabu hisa, kwani mwenye deni la marejesho moyo humdunda. Mtu akae kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mkanda wa kipimo juu ya ngozi, si juu ya nguo. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba za juu za uongo. Pimeni mara mbili, mkipumzika dakika moja katikati. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi, rudieni siku nyingine. Ikibaki hivyo, aende zahanati. Ikifika 180 kwa 120, aende siku hiyohiyo. Akiwa na maumivu ya kifua, kukosa pumzi au ganzi upande mmoja, apelekwe hospitali papo hapo. Anayetumia dawa asiache kwa sababu namba zimeshuka.