Zima transpozi, fungua mdomo

Nikiingia kanisani hapa Kampala, kabla sijaangalia spika wala ngoma, huangalia mkono wa mpiga kinanda. Mama mmoja anaanzisha pambio kwenye kii (ngazi ya sauti) aijuayo yeye na Mungu wake. Mkono unakimbilia kitufe cha transpozi, kile kinachohamisha kinanda kizima kwenye kii nyingine: juu, juu tena, chini kidogo, hapo hapo! Kisha kijana anapiga kwenye C, kama alivyopiga Jumapili iliyopita na ile ya kabla yake.

Kitufe hicho kimewaokoa wengi na aibu, na aliyekibuni simlaumu. Lakini kimetuzalishia wapiga vinanda wenye vidole vyepesi na masikio mazito. Mwalike kijana huyo kwenye bendi ya lingala, mahali ambapo gitaa la solo linaingia bila kumsubiri mtu, umwone anavyohangaika.

Mimi nilikulia Arua, kwenye kwaya iliyoimba kwa adungu, yaani kinubi cha kwetu, na siku hizi riziki yangu naipata kwa gitaa la besi. Vijana wa ibada za Kiswahili huniuliza sana namna ya kunoa sikio. Ushauri wangu ni mmoja, na mengine yote ni matawi yake: noti isiguswe na kidole kabla haijatoka mdomoni.

Kidole kinaweza kubahatisha. Kinagusa, kinakosa, kinasogea, kinapata, na sikio halijafanya kazi yoyote zaidi ya kusema ndiyo au hapana. Mdomo haubahatishi hivyo. Ili uimbe noti lazima uwe umeshaisikia ndani, na kule kuisikia ndani ndiyo kazi yenyewe. Huhitaji sauti nzuri. Vuma tu, hata kama jirani atadhani unaumwa jino.

Kwanza tuondoe hofu moja. Wapo watu wachache wanaosikia honi ya lori na kusema hiyo ni B flati, bila kulinganisha na kitu chochote. Uwezo huo kwa kawaida hujengeka utotoni, na mtu mzima kuupata ni nadra mno. Usiukoseshee usingizi. Wanamuziki wengi wazuri uliowahi kuwasikia hawana uwezo huo. Walicho nacho ni sikio la kulinganisha: wanajua do iko wapi, na kila noti nyingine wanaijua kwa umbali wake kutoka hapo. Hilo linafundishika kwa umri wowote.

Na chombo cha kulifundishia tunacho tayari makwetu. Ukifungua daftari la mwalimu wa kwaya mzee, utaona herufi d, r, m, f, s, l, t zimepangwa na nukta mbili mbili katikati. Hiyo ni tonik solfa. Mwalimu wa Kiingereza Sarah Glover ndiye aliyeianzisha, na John Curwen akaiboresha na kuieneza katika karne ya 19, kisha wamisionari wakaisambaza Afrika. Vijana wanaiona ya kizamani kwa sababu haifanani na noti za mistari mitano. Kwa sikio, mimi naiona bora kuliko hiyo mistari. Do haijafungwa kwenye C. Mama akianzia juu, do inapanda naye. Akianzia chini, inashuka naye. Transpozi hiyo iko kichwani mwako wala haihitaji betri.

Zoezi la kwanza, basi. Pata mlio mmoja unaoendelea bila kukatika: kinanda kilichobanwa, programu ya simu, au rafiki mwenye pumzi. Huo ndio do. Juu yake imba re, rudi do. Imba mi, rudi do. Usipande ngazi nzima kwa mkumbo, maana mkumbo huficha uvivu; kila mtu anaweza kuimba do re mi fa so la ti do kama anavyohesabu. Jaribu kuitoa la peke yake, bila kupitia so, uone kama unaipata.

Kaa sana kwenye fa na ti. Kati ya mi na fa kuna nusu toni tu, hatua ndogo kabisa ya kinanda, na kati ya ti na do hali ni hiyo hiyo. Kwingine kote ni toni nzima. Ndiyo maana ti huvutwa na do, na fa hutaka kuangukia mi. Imba ti, unyamaze, uone mwili unavyokosa raha. Kwaya inayolegea na kushuka kii kufikia ubeti wa tatu, mara nyingi imelegezea hapo hapo: mi na ti zinaimbwa chini kidogo, na kosa linajijumlisha. Mwalimu anawagombeza watu wa besi bure.

Sasa turudi kwa yule mama wa pambio. Wengi wanapotafuta kii hukamata noti ya kwanza na kuifanya do. Hapo ndipo wanapopotelea. Chukua ule wimbo wa siku ya kuzaliwa ambao kila mtu anaujua: unaanza so, so, la, so, ndipo unapanda do. Ukiita noti ya kwanza do, umeshapotea kabla keki haijakatwa. Badala ya kuuliza wimbo umeanzia wapi, jiulize ungependa kumalizikia wapi. Acha mama aimbe mstari mmoja mzima, vuma mahali ambapo wimbo ungetua kama ungeishia hapo, kisha kutoka hapo imba kimoyomoyo do, mi, so, mi, do. Kama inakaa sawa na anachoimba, hapo ndipo nyumbani, yaani do. Sasa kidole kiruhusiwe kutafuta, na kitatafuta noti moja tu. (Nyimbo za huzuni wakati mwingine hutua kwenye la. Usishtuke, njia ni ile ile.)

Kijana atasema mstari mzima ni mrefu, watu watamwona amekaa kimya. Wamwone. Kinanda kinachoingia kwenye mstari wa pili kikiwa sawa hakiudhi watu kama kile kinachopapasa mbele ya kusanyiko zima.

Ukishapata do, fuata besi. Sisemi hivyo kwa sababu ndiyo kazi yangu. Chodi ni noti kadhaa kwa pamoja, na sikio changa likijaribu kuzikamata zote linashika tope. Besi ni moja, iko chini, haina haraka. Sebene nyingi za Kikongo (zile sehemu za magitaa za kuchezea) zinazopigwa kwenye kumbi za hapa hujizungusha kwenye do, fa na so, na ukiweza kuimba mzunguko wa besi, chodi zake umeshazipata: juu ya do kuna do-mi-so, juu ya fa kuna fa-la-do, juu ya so kuna so-ti-re. Anza na kadongo kamu, maana humo kuna gitaa moja na msimulizi, na uchi wa muziki ule hauachi pa kujificha. Imba nyuzi za chini zinavyotembea hadi mwisho wa wimbo. Gitaa lako liache ukutani.

Kuhusu kutyuni, yaani kulinganisha nyuzi, nina ugomvi na zile tyuna za kubana kichwani mwa gitaa. Kwenye jukwaa lenye kelele zitumie, hata mimi natumia. Nyumbani ziweke kabatini. Tyuni uzi mmoja kwa simu, mingine kwa sikio: uzi wa sita kwenye freti ya tano uwe sawa na wa tano mtupu, na kadhalika, isipokuwa wa tatu, ambao unabanwa freti ya nne ili ulingane na wa pili. Piga nyuzi mbili pamoja usikilize. Zikikaribiana bila kulingana, utasikia mlio unapumua: wau, wau, wau. Uzi wenye mitetemo 440 kwa sekunde ukipigwa pamoja na wenye 442, mapigo hayo huwa mawili kwa sekunde. Kadiri unavyokaribia, yanapungua kasi, mpaka yanatoweka na nyuzi mbili zinakuwa kama moja. Wapigaji wa adungu wamekuwa wakisikiliza hivyo tangu zamani, na wana sababu, kwa kuwa kigingi cha mbao hakitulii jua linapobadilika.

Hapa niseme jambo ambalo programu za kufundisha sikio hazitakuambia. Zote nilizowahi kuona zimejengwa juu ya kinanda cha Kizungu: oktavu (kutoka do hadi do inayofuata) imegawanywa nusu toni 12, kila moja senti 100, senti ikiwa kipimo cha umbali kati ya noti. Amadinda, marimba ya mbao ya Buganda, haikujengwa hivyo. Ina vibao 12, na oktavu yake imegawanywa hatua tano zinazokaribiana kwa ukubwa, yaani kama senti 240 kila moja. Hatua hiyo haipo kwenye kinanda, inaangukia kati ya nusu toni mbili na nusu toni tatu. Kwa hiyo ukielekeza tyuna ya simu kwenye amadinda na ikakuonyesha taa nyekundu, usimwendee fundi kumwambia vibao vyake vimeharibika. Unapima unga kwa futi.

Na kama unataka shule ya sikio kuliko zote, iko kwenye amadinda hiyo hiyo. Wapigaji ni watatu. Omunazi anaanza na mfululizo wake wa noti, omwawuzi anaingiza zake katikati, kila noti yake ikiangukia kati ya mbili za mwenzake. Mchanganyiko unakwenda kasi, na masikioni mwa msikilizaji zinatokea tuni ambazo hakuna mkono wowote unaozipiga. Mtafiti Gerhard Kubik, aliyejifunza amadinda hapa Kampala kwa Evaristo Muyinda kuanzia mwaka 1959, alizieleza kwa kirefu tuni hizo za kujitokeza. Mpigaji wa tatu, omukoonezi, ana vibao viwili tu, vile vya juu kabisa. Kazi yake ni kuchambua kutoka kwenye mvua ile ya noti zile mbili za chini kabisa, zinazotoka mikononi mwa watu wawili tofauti, na kuzirudia oktavu mbili juu, hapo hapo, bila kuchelewa. Ukipata kikundi kitakachokukubali, omba kukaa upande wa omukoonezi. Utatoka jasho. Lakini baada ya hapo, kusikia sauti ya tatu ndani ya kwaya ya watu arobaini kutaonekana kazi nyepesi.

Kuhusu muda: kidogo kila siku kinashinda Jumamosi nzima. Sikio linachoka upesi, na likichoka linaanza kudanganya. Jirekodi kwa simu, ucheleweshe kusikiliza hadi kesho yake, maana ukijisikiliza papo hapo utajisamehe. Programu za simu si mbaya kwa mtu anayesubiri teksi ijae pale Old Park, ila jibu liimbwe kabla ya kubonyezwa.

La mwisho ni la afya, na vijana wa bendi hawapendi kulisikia. Viwango vingi vya usalama kazini huruhusu kelele za desibeli 85 kwa saa nane, na kwa kila desibeli tatu zinazoongezeka, muda unakatwa nusu. Kwenye desibeli 100 umebakiwa na dakika 15. Mazoezi ya bendi kwenye chumba cha mabati hufika huko bila shida, na aliyekaa kando ya matoazi ndiye anayeumia kwanza. Masikio yakipiga mluzi usiku baada ya shoo, hiyo ni dalili ya kuumia, na vijinywele vya ndani ya sikio vikishakufa havioti tena. Vizibo vya sponji hupatikana kwenye maduka ya dawa. Vinakata sauti za juu kuliko za chini, kwa hiyo siku za kwanza utaona muziki umefunikwa blanketi. Vivae kwanza kwenye mazoezi ili uvizoee, kabla ya kuvivaa siku ya shoo.